Aliyepona wazimu, arudi kwa nani?

Ndugu msikilizaji, mji wa Sumbawanga umebeba onyo katika jina lake. Kwa Kifipa, sumba ni kutupa, na wanga ni uchawi. Wenyeji hulieleza jina hilo kuwa ni agizo kwa mgeni: kama unao uchawi, utupe huko huko kabla hujaingia kwetu. Lakini huku mijini agizo hilo limegeuzwa kichwa chini, miguu juu. Mwalimu au karani akipata barua ya uhamisho wa kwenda Sumbawanga, wenzake humtania kwamba aage vizuri nyumbani. Mji ulioitwa kwa kuukataa uchawi umefanywa mfano wa uchawi.

Juma hili sikusudii kuongeza mzaha juu ya mzaha huo. Nataka tuzungumze juu ya ugonjwa wa akili, na hasa juu ya swali moja ambalo historia ya Ufipa, na ya Tanzania nzima, imeliuliza mara nyingi bila kulijibu sawasawa. Mtu aliyerukwa na akili akishatibiwa, akatulia, akaweza tena kulala usiku na kula mchana, anarudi kwa nani?

Swali hilo si dogo. Malaria ikimwacha mtu, anarudi shambani na hakuna anayemtazama mara mbili. Aliyevunjika mguu hupewa pole mpaka siku anapotupa gongo lake. Lakini aliyeugua akili hupona, na jina la ugonjwa likabaki limemganda. Akicheka peke yake, watu hukonyezana. Akikasirika kwa haki, husemwa kwamba kimeanza tena. Akitaka kuoa, wazee wa upande wa pili huanza kuulizana habari za ukoo wake. Kwa hiyo upo ugonjwa wenyewe, kisha upo ugonjwa wa pili, nao ni kukosa mahali miongoni mwa watu. Ule wa kwanza una dawa hospitalini. Huu wa pili dawa yake haiandikwi na daktari.

Tuitazame nchi ya Ufipa yenyewe. Ni nyanda za juu zilizokaa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, nchi ya nyasi, upepo na baridi. Msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, alipita huko mwaka 1880, akawasifu wenyeji kwa ukulima wao na kwa kupenda amani, wakati ambapo sehemu nyingi za bara zilikuwa zimevurugwa na vita na biashara ya watumwa. Falme mbili, Nkansi na Lyangalile, ndizo zilizogawana nchi hiyo.

Wafipa walipenda kukaa katika vijiji vilivyosongamana, nyumba kwa nyumba. Na kilimo chao kilijulikana kwa matuta yaitwayo ntumba. Mvua zikikaribia kwisha, nyasi hukusanywa na kufukiwa kwa udongo mpaka liwe tuta la mviringo. Nyasi huoza humo ndani na kuwa mbolea, maharage huweza kupandwa juu yake, na mvua za mwaka unaofuata tuta husambazwa, ukapandwa ulezi. Kazi hiyo haina mchezo. Ni kazi ya jembe na mgongo, na mwenye shamba aliyetaka kuimaliza kwa wakati aliwaita majirani, akawapikia pombe. Mtu alionekana kuwa mtu kwa kufika pale na jembe lake. Asiyeonekana aliulizwa habari zake.

Hapo ndipo penye hazina ya kwanza ya jamii, nayo ni ya zamani kuliko hospitali zote. Mahali ambapo kutokuonekana kwako kunaulizwa, huwezi kuugua kimya kimya kwa miezi sita.

Mtaalamu wa Uingereza wa elimu ya jamii za watu, Roy Willis, aliishi Ufipa kati ya mwaka 1962 na 1964, akaandika vitabu na makala kadhaa juu ya Wafipa. Katika maandishi yake juu ya waganga wa huko, anaeleza kwamba waliuzungumzia ugonjwa kama kitu kinachomfikia mtu kwa njia. Iko njia ya mizimu ya mababu, iko njia ya pepo wa nchi, iko njia ya uchawi wa wanadamu. Kazi ya mganga ilikuwa kuitambua njia iliyopitwa. Tuwe tunaamini hivyo au hatuamini, katika fikra hiyo mgonjwa hakutazamwa kama chungu kilichopasuka peke yake jikoni. Alitazamwa kama mtu aliyesimama penye njia nyingi zinazotoka kwa watu wengine, na mganga aliuliza: Je, umekosana na nani? Umesahau deni gani? Nyumbani kuna amani?

Maswali hayo ni mazuri, lakini yana hatari. Kutoka kuuliza "umekosana na nani" hadi kuuliza "nani amekuroga" ni hatua moja tu.

Hatua hiyo Ufipa iliipiga mbele ya macho ya Willis mwenyewe. Mwaka 1963 na 1964 ilivuma huko harakati iitwayo Kamcape. Vikundi vya vijana vilipita kijiji kwa kijiji, vikiahidi kuusafisha uchawi. Waliotuhumiwa, na wengi wao walikuwa watu wazima na wazee, walinyolewa nywele, wakachanjwa chale na kupakwa dawa, wakaonywa kwamba wakirudia uchawi dawa hiyo hiyo itawaua. Harakati za namna hiyo hazikuwa ngeni. Miaka ya 1930 wimbi kama hilo, liitwalo Mchape, lilitoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, likaenea katika nchi za jirani. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ilikuwa imekwisha kukataza kumwita mtu mchawi, lakini watu waliona sheria iko mbali na hofu iko karibu.

Kamcape iliona jambo moja la kweli: kwamba hofu ndani ya kijiji ni ugonjwa wa kijiji kizima, na haiponywi na mtu mmoja mmoja nyumbani kwake. Hata yule aliyetuhumiwa alikusudiwa, baada ya kunyolewa na kuchanjwa, arudi kukaa na wenzake. Kosa lake ni kwamba haikuweza kuleta amani bila kwanza kupata wa kulaumiwa. Amani ya wengi ililipiwa kwa aibu ya wachache, na wachache hao walikuwa wale wale wasio na wa kuwasemea. Hesabu hiyo hiyo huirudia jamii inapompata mgonjwa wa akili. Majirani hukusanyika, hujadili, huchanga hata fedha, lakini swali lao ni "nani kamroga?" Kumbe swali lenye faida lingekuwa "nani atakaa naye?"

Sasa tuteremke kutoka nyanda za juu mpaka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali paitwapo Karema. Siku hizi Karema imo katika mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mapadre Weupe walichukua kituo hicho mwaka 1885, na wakakusanya hapo watu waliokombolewa kutoka utumwani, wengi wao watoto. Mwaka 1889 akafika mtu mmoja jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa huko Afrika ya Magharibi, karibu na Mto Niger. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, na mapadre wakamkomboa huko Aljeria. Walimpeleka kusomea utabibu katika kisiwa cha Malta. Kisha akaja Karema, akatibu na kufundisha dini hapo mpaka kufa kwake mwaka 1956. Hospitali iliyopo Sumbawanga inaitwa kwa jina lake.

Atiman hakuwa daktari wa magonjwa ya akili. Lakini fikiri, msikilizaji, mtoto aliyenyang'anywa mama yake, akaletwa Karema hajui lugha, usiku anashtuka na kulia. Anamwona mbele yake mganga ambaye naye aliwahi kunyang'anywa mama yake, naye aliwahi kuuzwa, na sasa amesimama wima, ana mke, ana kazi, watu wanamheshimu. Hata kabla mganga huyo hajafungua mfuko wake wa dawa, mtoto amekwisha kuona kwamba jambo hili mtu huweza kulipita. Hiyo ndiyo nguvu ya aliyepitia. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nasi tunaweza kuongeza kwamba aliyeponea chupuchupu kuingia kaburini ana la kuwaambia walio ukingoni.

Inafaa kukumbuka kwamba hata hospitali ya kwanza ya magonjwa ya akili katika nchi yetu ilichipuka katika udongo wa namna hiyo. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1904 makao hayo yakaanza kupokea wagonjwa wa akili, na tangu wakati huo mpaka leo kazi za mikono na za shamba zimekuwa sehemu ya matibabu ya Lutindi. Watu walioondolewa kwao kwa nguvu na watu walioondolewa kwao na ugonjwa walipewa paa moja. Wote walihitaji kujengewa upya mahali pa kuwa watu.

Waingereza walipochukua nchi, walijenga hospitali ya Mirembe huko Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927. Kwa miongo mingi Mirembe ndiyo iliyokuwa kimbilio la nchi nzima. Imeokoa watu wengi, na wauguzi wake wamefanya kazi ngumu kwa malipo madogo. Lakini tazama ramani. Mtu wa Sumbawanga aliyepelekwa Dodoma alishuka kwanza Tunduma, akapita Mbeya, akapita Iringa, ndipo akafika. Barabara ya Tunduma ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Ndugu wangapi waliweza kumfuata? Mgonjwa aliondoka akiwa mwana wa fulani, akafika akiwa namba katika daftari. Na alipopata nafuu, barua ya kuwaita ndugu ilisafiri njia ile ile kwa mwendo ule ule. Huku nyuma shamba lilikuwa limepata mlimaji mwingine, mke amerudi kwao, watoto wamezoea kutomtaja. Mtu anaweza kupona Dodoma na akashindwa kupona Sumbawanga.

Wataalamu wenyewe waliliona jambo hilo mapema. Mwaka 1954 daktari wa Nigeria, Thomas Lambo, alianzisha huko Aro, karibu na Abeokuta, mpango wa kuwapangisha wagonjwa katika nyumba za wanakijiji walio jirani na hospitali, kila mgonjwa na ndugu yake. Mchana walipata dawa, jioni walikula na kuzungumza na watu wa kawaida. Tanzania nayo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ilianzisha vijiji vya kilimo vya kuwarekebisha wagonjwa wa akili. Kijiji cha Hombolo karibu na Dodoma ni kimoja, na Vikuruti huko Dar es Salaam ni kingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeitukuza kazi ya jembe, na wataalamu wakasema: mgonjwa naye apewe jembe, alime, auze, ajione ana faida.

Fikra hiyo ilikuwa njema, na Mfipa wa kale aliyeitwa kuinua ntumba angeielewa mara moja. Lakini vijiji hivyo vilikuwa vichache, vilitegemea fungu la serikali, na fungu hilo lilipopungua navyo vikadhoofu. Tena kijiji cha wagonjwa, hata kikiwa kizuri namna gani, bado si kijiji cha kwao. Swali letu la kurudi kwa nani likabaki pale pale.

Katika miaka hiyo hiyo ya mwisho wa 1960, Shirika la Afya Duniani lilianza uchunguzi mkubwa wa ugonjwa wa skizofrenia katika nchi tisa. Matokeo yaliwashangaza wengi: wagonjwa wa Nigeria na India, kwa jumla, walionekana kuendelea vizuri kuliko wengi wa nchi zenye viwanda na hospitali kubwa. Wataalamu wamebishana tangu siku hizo juu ya maana ya matokeo hayo, na hatupaswi kuyatumia kujisifu, maana tunawajua wagonjwa waliofungwa kamba na minyororo nyuma ya nyumba zetu. Lakini wako waliosema kwamba huenda siri iko katika ndugu wasiochoka na kazi ambayo hata aliye na nafuu ya nusu anaweza kuishika.

Nimewataja waganga, wamisionari, madaktari na serikali. Bado sijawataja wagonjwa wenyewe. Historia iliwaweka mwisho, kana kwamba wao ni wa kufanyiwa tu.

Huko New York, Marekani, katika miaka ya 1940, watu waliokuwa wametoka hospitali ya akili ya Rockland walianza kukutana wao kwa wao. Kikundi chao walikiita kwa maneno yenye maana ya "hatuko peke yetu", na mwaka 1948 wakawa na nyumba yao, Fountain House, ambamo aliyeugua huingia kama mwanachama mwenye kazi yake. Hapa jirani kwetu, mwaka 1997 kiliundwa chama cha Mental Health Uganda, na mwaka 2007 kikaundwa Kenya chama cha watu waliopitia matibabu ya akili. Wanachama hutembeleana, hukumbushana dawa, hufuatana kliniki, hutetea haki zao mbele ya wakubwa. Kule Zimbabwe, tangu mwaka 2006, akina bibi waliopewa mafunzo hukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu aliyelemewa na sonona. Ni bibi, benchi na masikio, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu walipata nafuu.

Na Mbeya, ambako hospitali yake ya rufaa inahudumia pia watu wa Rukwa, umefanyika mpango wa majaribio ulioitwa KUPAA, maana yake Kuwezeshana Kupata Uzima, uliofanyika pia Muhimbili. Mgonjwa wa skizofrenia na ndugu anayemtunza walikaa pamoja katika kikundi na jozi nyingine za wagonjwa na ndugu, wakafundishwa ugonjwa ni nini, dalili za kurudi kwake ni zipi, na nyumbani waishi vipi. Hebu fikiri faraja ya mama anayeamini kwamba ni yeye peke yake duniani aliyepata mtihani huu, anapogundua kwamba jirani yake wa kiti cha pili ana mwana wa namna hiyo hiyo.

Je, Sumbawanga inakosa nini ili kufanya hivyo? Majengo? Jumuiya ndogondogo za Kikristo hukutana nyumba kwa nyumba, na Ufipa ni nchi yenye Wakatoliki wengi tangu enzi za Karema. Misikiti ina watu wake wanaofahamiana kwa majina. Vikundi vya VICOBA vinakaa kila juma na daftari lao. Vijiji vina wahudumu wa afya. Watu waliougua wakapona wapo, ila wamejificha, kwa sababu kujitokeza kuna gharama. Ndiyo maana neno la kwanza lazima litoke kwa wenye heshima: padre, shehe, mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu mkuu. Wao wakimketisha aliyepona mbele, wengine watathubutu kuketi naye.

Lakini tusije tukatoka katika kosa moja tukaingia katika jingine. Aliyepitia si badala ya daktari. Mtu anayesikia sauti zinazomwamuru, au anayetaka kujiua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na kikundi cha wenzake kimsindikize. Dawa zisiachwe kwa sababu mtu amejisikia nafuu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatambua kwamba mgonjwa ni mtu mwenye haki, na kikundi chochote kitakachomfunga, kumpiga au kumnyima chakula kwa jina la maombi au la tiba, hicho si cha msaada. Wala tusikubali tena amani ya kumnyoshea kidole bibi kizee wa nyumba ya jirani kwa sababu kijana wa nyumba hii ameugua. Bibi huyo huenda ndiye angeketi kwenye benchi akamsikiliza.

Jina la mji ule linatuagiza tutupe. Wafipa wa zamani walidhani kitu cha kutupwa ni uchawi. Sisi tunaosoma historia yao tunaweza kuongeza vya kutupa: neno "chizi" tunalomrushia mtu kituoni, ile tabia ya kuuliza nani kamroga, na ile barua ya hospitali inayokaa mezani miezi mitatu bila ndugu kuijibu. Kama unayo barua kama hiyo nyumbani kwako, msikilizaji, ijibu kabla ya juma lijalo.